Mgeni na Mwenyeji Wake Katika Mji wa Dhahabu

Mji haujulikani kwa macho ya mpita njia. Mpita njia huona mabati, vumbi na wingi wa watu, kisha huondoka akidhani kuwa ameuona mji, ilhali ameona barabara yake tu. Mji hujulikana kwa wenyeji wake. Wao ndio wanaojua mlango upi hufunguliwa kwa hodi moja, mfanyabiashara yupi hupima kwa haki, na kisima kipi maji yake hunywewa. Ndiyo maana wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wala hawakusahau kwamba mgeni naye huponea kwa mwenyeji.

Desturi ya Mogadishu

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta, aliyezaliwa Tangier katika nchi ya Moroko mwaka 1304, alifika Mogadishu mwaka 1331, akapita Mombasa na kufika Kilwa. Katika habari zake ameeleza desturi ya watu wa Mogadishu ambayo yafaa kila nyumba iijue.

Jahazi lilipotia nanga, vijana wa mji waliliendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani hiyo, akatangaza kuwa huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule hakushukia penginepo ila nyumbani kwa mwenyeji wake, isipokuwa awe amekwisha kuuzoea mji na kujuana na watu wake. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alichohitaji. Na mtu akimpunja mgeni kwa kununua mali yake kwa bei duni, au akimuuzia kitu na mwenyeji wake hayupo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa batili.

Tazama, ndugu msomaji, hekima iliyomo. Mgeni alipewa vitu vitatu: chakula, dari, na jicho la pili sokoni. Viwili vya kwanza twavijua na twavitenda. Hicho cha tatu aghalabu tumekisahau, nacho ndicho kilichokuwa na nguvu ya sheria.

Bandari ya Bara

Huenda mtu akauliza, desturi ya pwani ya karne ya 14 yawahusu nini watu wa Buseresere? Yawahusu sana, kwani bara nayo ina bandari zake. Bandari ya bara ni mji wa barabarani, ambako mabasi hushusha watu kama majahazi yalivyoshusha zamani.

Msafiri atokaye Mwanza leo huvuka ghuba ya ziwa kwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo alisubiri kivuko. Hupita Sengerema na Geita, akafika Katoro, na mara akajikuta Buseresere. Miji hii miwili imeungana kama mapacha. Katoro imo katika Wilaya ya Geita, na Buseresere katika Wilaya ya Chato. Mtu huvuka mpaka wa wilaya akiwa bado katikati ya maduka, wala hajui mpaka uko wapi mpaka aulize. Basi hilo ndilo somo lake la kwanza kutoka kwa mwenyeji.

Watu wa hapa ni mchanganyiko mkubwa. Wako Wazinza na Wasumbwa, Wasukuma kwa wingi, Wahaya na Waha, na wengine waliofuata biashara kutoka mbali. Asubuhi mgeni akisema “Mwangaluka” kwa mzee wa Kisukuma, na jioni akasema “Mwadila,” nyuso hukunjuka. Na akishukuru kwa “Wabeja,” ataongezwa nanasi juu ya lile alilonunua. Sokoni ataona mpunga, mahindi na mihogo ya mashambani, pamoja na sato na dagaa wa ziwani. Akikaa na wazee ataambiwa habari za Warongo, waliokuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma na kufua majembe katika nchi hii zama za kale. Hivyo atajua kwamba ardhi hii ilitoa utajiri kwa moto na jasho kabla ya vijana kuijia kwa ajili ya dhahabu.

Mizani na Macho Mawili

Lakini ni dhahabu inayowaleta wengi. Mgodi mkubwa wa Geita wa zama za ukoloni ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000. Kando yake wako wachimbaji wadogo wengi mno. Hawa huteremka katika maduara, hupandisha mawe, huyasaga kwa makarasha, na unga wake huuosha kwa maji. Kisha hutia zebaki, ambayo hushikamana na dhahabu, na zebaki hiyo huondolewa kwa moto.

Hapa kijana mgeni asiye na mwenyeji huwa katika hatari mbili.

Ya kwanza ni ya mwili. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, nao hudhuru mishipa ya fahamu, figo, na mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Mwenyeji mwema humwambia mgeni wake mapema: usichome kitu hicho ndani ya nyumba, wala karibu na vyungu na watoto.

Ya pili ni ya mali. Dhahabu hupimwa mara mbili, uzito wake na usafi wake, na mwenye hila aweza kupunja katika vyote viwili. Gramu moja iliyopotea katika mizani yaweza kuwa kazi ya siku nyingi. Machi 2019 serikali ilifungua soko la dhahabu mjini Geita, ili muuzaji apimiwe hadharani na bei ijulikane. Hata hivyo kijana asiyejua njia huweza kuishia kwa mnunuzi wa kichochoroni. Akiwa na mwenyeji, ataongozwa panapostahili, na mizani itasomwa na macho ya watu wawili. Hiyo ndiyo sheria ya Mogadishu iliyohamia bara. Na kila Mwislamu ajua jinsi Kurani ilivyowakemea wapunjao vipimo.

Wajibu wa Pande Mbili

Baba na mama mnaomtuma kijana nchi ya dhahabu, msimpe nauli tu. Mpeni na jina la mtu. Akiwa hana jamaa, na aanzie msikitini baada ya sala, ajitambulishe kwa imamu. Kisha kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, ili ajulikane yuko wapi. Mama lishe anayempikia na mwendesha bodaboda anayemchukua wanajua mengi. Awasikilize, lakini asimkabidhi yeyote fedha zake kwa maneno matamu ya siku moja.

Nawe mwenyeji, ukarimu wa siku tatu tumefundishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie. Usimle mgeni kwa kisingizio cha kumsaidia, kwani anayemwongoza mtu kwa mnunuzi ili agawane naye hila ni mshirika wa mwizi.

Na mgeni naye asikae kitako. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na katika nchi ya Warongo jembe halijapata kuwa haba. Alime, auze, ajifunze ufundi, amsaidie mwenyeji wake. Kwa njia hiyo hatakuwa mgeni tena. Siku moja basi litashusha kijana mwingine mwenye begi moja na uso wa mashaka, na yeye ndiye atakayemwendea na kusema: huyu ni mgeni wangu.