Mikrobi yenye ganda ndani ya bomba: kloro ya kila siku haitoshi

Katika mwezi wa 4 mwaka 2025, ilitangazwa kwamba viboko 50 hivi wamekufa katika Hifadhi ya Virunga, kando ya mto Ishasha. Vipimo vilionyesha kimeta, ule ugonjwa wengi wetu tunauita sharbo. ICCN iliomba wakaaji wasikaribie wanyama wa pori na wachemshe maji.

Kwa nini jambo hili linatugusa sisi wanamemba? Mikrobi ya kimeta ikikosa chakula inajifungia ndani ya ganda gumu, sawa mbegu iliyokauka. Inaweza kukaa udongoni miaka makumi. Bomba likipasuka pale ng'ombe aliyekufa alizikwa, udongo ule unaingia na kushikamana na utelezi na kutu ya ndani. Kloro kidogo ya kila siku inaua mikrobi ya kipindupindu, lakini lile ganda hailipasui.

Basi komite ya maji ifanye nini?

1. Funga robine zote, julisha kijiji kizima, pigia simu zone ya afya na veterineri. Watu wateke maji pengine.

2. Tengeneza palipopasuka. Kisha fungua maji kwa nguvu mpaka yatoke meupe bila tope. Usiruke hatua hii: tope linakula kloro, na chini ya tope mikrobi inajificha.

3. Jaza bomba maji yenye kloro kali, miligramu 50 kwa litre, yalale humo saa 24. Kwa litre 1.000 tia gramu 70 za HTH ya 70%. Bomba la milimita 50 kwa ndani linabeba litre 2 hivi kila metre. Kwa hiyo kilometre 1 inaomba gramu 140. Vaa gants, funika pua, na tia unga ndani ya maji, si maji juu ya unga.

4. Toa maji yale yote. Yasiende kwenye étang, samaki watakufa. Suuza mpaka harufu kali iishe.

5. Ngojea vipimo. Kimeta kikishukiwa, wenye afya ndio wanasema lini kunywa tena, na pengine watadai dawa kali zaidi.

Nyumbani, mama akichemsha maji, afunike sufuria. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2004 ulionyesha kwamba maji yakitokota dakika 5 chini ya kifuniko, karibu mikrobi zote za ganda zinakufa. Sufuria ikiwa wazi, zingine zinabaki.

Lakini dawa ya kwanza iko malishoni. Ng'ombe akifa ghafla na damu ikitoka puani, tusimchune, tusimle, tusimzike juu ya chanzo. Tumwite veterineri. Nyama ya siku moja isituharibie maji ya watoto wetu.