Wapangaji Kujenga kwa Pamoja: Mradi Uanzie kwenye Ardhi

Wapangaji wengi hutamani kujenga, lakini bei ya kiwanja kilichopimwa humzidi nguvu mtu mmoja. Njia mojawapo ni kuungana katika ushirika wa nyumba usiolenga faida.

Mfano upo Chamazi, Dar es Salaam. Upanuzi wa bandari ulipowaondoa wakazi wa Kurasini mwishoni mwa miaka ya 2000, fidia ilielekezwa kwa wenye nyumba, si kwa wapangaji. Baadhi ya wapangaji hao waliweka akiba kidogo kidogo, wakaunda ushirika, wakanunua takriban ekari 30 na kufyatua matofali wenyewe.

Kikundi cha mtaa kinachopanga mradi wa aina hiyo kinashauriwa kuzingatia mambo matatu. Kwanza, kimwone Afisa Ushirika ili kisajiliwe chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na akiba itunzwe benki kwa jina la chama. Pili, kabla ya kulipa chochote, idara ya ardhi ithibitishe mmiliki na matumizi ya eneo. Shamba lililonunuliwa bila uhakiki laweza kuangukia hifadhi ya barabara, na akiba ya miaka mingi ikapotea. Tatu, eneo lipangwe, lipimwe na hati iombwe. Ndipo kibali cha ujenzi kifuate.

Nyumba yaweza kuanza na chumba kimoja, ikaongezwa kadiri ya uwezo. Masharti ya chama yaeleze mapema haki ya mjane, mgane na watoto endapo mwanachama atafariki kabla ya kumaliza malipo.