Somo la Redio: Rangi ya Injini ya Zamani

Somo hili ni la wanafunzi wa kisomo cha watu wazima wa Sapiwi na wa vijiji vyote vya Bariadi. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika maneno matatu ubaoni: injini, rangi, ushahidi. Kila mwanafunzi ayasome kwa sauti. Vema. Sasa tuendelee.

Reli haifiki Sapiwi. Lakini njia ya reli ya kutoka Tabora mpaka Mwanza, iliyomalizika mwaka 1928, inapita Malampaka katika wilaya ya Maswa, na pamba ya Usukuma imesafiri kwa njia hiyo. Kwa miaka mingi mabehewa yalivutwa na injini za mvuke. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na injini za dizeli. Mtoto wa leo ataijua injini ya mvuke kwa picha na kwa mfano tu.

Tuseme darasa lenu linaunda mfano mdogo wa injini hiyo, kwa mbao na bati, ili uwekwe shuleni. Magurudumu yamepimwa, na bomba la moshi limesimama. Fundi ameshika brashi, anauliza: “Nipake rangi gani?” Msimjibu upesi. Mtoto ataamini anachokiona, naye atawasimulia wanawe vivyo hivyo. Mfano wenye rangi ya uwongo ni sawa na kitabu chenye uwongo.

Jambo la kwanza la kuuliza ni hili: mnataka injini ya mwaka gani? Injini moja ilifanya kazi miaka mingi, nayo ilipakwa rangi mara nyingi. Wenye mali nao walibadilika. Mwaka 1948 reli za Tanganyika ziliunganishwa na zile za Kenya na Uganda, likawa shirika moja la Reli na Bandari za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1969 bandari zilitengwa na reli. Mwaka 1977 shirika la reli likavunjika, na Tanzania ikawa na shirika lake. Mwenye mali akibadilika, herufi za ubavuni hubadilika, na pengine rangi pia. Lakini injini zote haziwezi kupakwa siku moja. Kila moja hungoja zamu yake ya kuingia karakana. Kwa hiyo rangi ya zamani na rangi mpya huweza kuonekana katika mwaka mmoja. Rangi isiyo na mwaka ni kama barua isiyo na tarehe.

Jambo la pili: injini ipi, na ya njia ipi? Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, kuna injini kubwa namba 5918. Rangi yake ni nyekundu nzito, ile tunayoiita damu ya mzee. Ni moja katika injini 34 za aina ya 59, zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Zilipewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki, na hii iliitwa Mount Gelai. Gelai ni mlima wa Tanzania, karibu na ziwa Natron. Je, injini hiyo ilivuta pamba ya Malampaka? Hapana. Injini za aina hiyo zilikuwa nzito mno, nazo ziliundwa kwa ajili ya njia ya Mombasa na Nairobi. Jina la kwetu si ushahidi kwamba ilifanya kazi kwetu.

Jambo la tatu ni mashahidi. Wako wanne, na kila mmoja anaweza kutupotosha kwa njia yake.

Shahidi wa kwanza ni picha. Filamu nyingi za zamani hazikuweza kuiona rangi nyekundu. Kitu chekundu kilitoka cheusi. Tena viwanda vingi vilikuwa na desturi ya kuipaka injini mpya rangi ya kijivu ili ipigwe picha vizuri. Picha ikipigwa, injini ilipakwa rangi yake ya kazi. Kwa hiyo picha ya kiwandani inaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado ikatudanganya.

Shahidi wa pili ni maandishi, kama vile barua za maagizo na michoro ya kiwanda. Kumbukumbu za Beyer, Peacock zimewekwa katika makumbusho mjini Manchester. Lakini karatasi hueleza kilichoagizwa. Kilichofanyika karakana huenda kilikuwa kingine.

Shahidi wa tatu ni chuma chenyewe. Kanga ikichujuka kwa jua, mama hufunua pindo aone rangi yake ya kwanza. Injini nayo ina pindo: ni nyuma ya kibao cha namba, mahali pasipofika jua wala brashi. Fundi husugua polepole kwa msasa, na tabaka za rangi hutokea moja baada ya moja. Ya chini kabisa huwa ni rangi ya kuzuia kutu. Msiichukue hiyo.

Shahidi wa nne ni mzee aliyefanya kazi ya reli. Msimwulize, “Ilikuwa nyekundu, sivyo?” Mkifanya hivyo mmekwisha kumpa jibu. Mwekeeni vipande vya bati vya rangi mbalimbali, mwanga ukiwa mzuri, achague mwenyewe. Kisha mwulizeni alikuwa stesheni gani, na mwaka gani.

Ng'ombe akipotea, mfugaji hatosheki na rangi peke yake. Hutazama pia pembe, alama, na zizi alimotoka. Fanyeni vivyo hivyo. Mashahidi wakipatana, pakeni. Wasipopatana, chagueni shahidi mwenye nguvu zaidi, na chini ya mfano wenu wekeni kadi yenye maandishi: namba ya injini, mwaka, na rangi hiyo mmeipata wapi. Kadi hiyo itamwezesha mwingine kuwasahihisha.

Hiyo ndiyo kazi ya kalamu mnayojifunza. Wazee wa injini za mvuke wanapungua, na asiyeandikwa habari zake huondoka nazo.

Maswali ya kujibu daftarini:
1. Kwa nini injini nyekundu huweza kuonekana nyeusi katika picha ya zamani?
2. Kwa nini jina Gelai halitoshi kuwa ushahidi?
3. Mtafuteni mzee mmoja aliyesafiri kwa treni ya mvuke. Andikeni maneno yake, pamoja na stesheni na mwaka.

Kwaherini, na kisomo chema.