Fomu za Kompyuta na Mfanyakazi Asiyeona

Siku hizi fomu nyingi za malipo ya uzeeni, za fidia na za kuomba kazi hujazwa kwenye kompyuta au simu. Miongoni mwetu wako waliopoteza macho kwa dawa za shambani au kwa vipande vya chuma kiwandani. Hao nao wana haki ya kuzijaza wenyewe, bila kumtajia mtu mwingine namba zao za siri.

Asiyeona hutumia programu inayosoma skrini kwa sauti. Mojawapo ni NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Hutolewa bure. Mtumiaji hubonyeza kitufe cha Tab kuhama kutoka nafasi moja hadi nyingine, na programu humtajia kila nafasi anayoifikia.

Tuchukue mfano wa mizani ya chai. Namba ya mchumaji ikifungwa kwenye kapu, karani hakosei. Ikiachwa chini kando ya makapu, nani atajua ni ya kapu lipi? Ndivyo ilivyo fomu. Neno "Jina" likiandikwa karibu na kisanduku bila kufungwa nacho ndani ya programu, asiyeona husikia tu: "Nafasi ya kuandika, tupu." Aandike nini? Jina, mshahara, au namba ya kitambulisho?

Kwa hiyo watengenezaji wa fomu watimize haya:

1. Kila nafasi ifungwe na jina lake. Maneno hafifu ndani ya kisanduku hayatoshi, maana hutoweka mtu anapoanza kuandika.

2. Majibu ya "Ndiyo" na "Hapana" yafungwe pamoja na swali lake.

3. Nafasi ya lazima itajwe kwa maneno, si kwa rangi nyekundu peke yake.

4. Kosa likitokea, fomu iseme liko nafasi gani na lisahihishwe vipi.

Hata anayeona aweza kupima. Gusa neno "Jina" lenyewe, si kisanduku. Alama ya kuandikia ikiingia kisandukuni, vimefungwa. Isipoingia, kuna la kuuliza.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 9, unataka huduma za habari na mawasiliano ziwafikie watu hao sawa na wengine. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008. Basi kamati zetu za matawi ziwaulize waajiri na ofisi za malipo: je, fomu zenu zimejaribiwa na asiyeona? Tusikubali mwenzetu akose haki yake kwa sababu ya kisanduku kisicho na jina.