HOSPITALI ITALINDWAJE SIKU YA VITA?

Vita havichagui mzima wala mgonjwa. Sisi wa Ugogo twajua. Mwezi wa Julai 1916 jeshi la Waingereza liliingia Dodoma kuwafukuza Wajerumani. Nafaka na ng'ombe vilichukuliwa, vijana wakafanywa wapagazi, kisha mvua ikakosekana, ikaja njaa kuu ya Mtunya. Watu wengi sana walikufa.

Je, hospitali zetu zitasalimika vita vikija? Sheria ipo. Mapatano ya Geneva ya 1949, ambayo nchi yetu ilijiunga nayo 1962, yanakataza kushambulia hospitali ya raia. Alama yake ni msalaba mwekundu au mwezi mwekundu, nayo ionekane toka mbali. Lakini liko sharti: hospitali isigeuzwe ngome. Askari wakipiga risasi toka wodini, ulinzi ule waweza kuondolewa, baada ya onyo. Aliyejeruhiwa hutibiwa tu, awe wetu au adui.

Hata hivyo alama haizuii kila bunduki. Tazameni jirani zetu wa Uganda. Hospitali ya Misioni ya Lacor, karibu na Gulu, ilianza 1959. Vita vilipowaka kaskazini, waasi waliingia humo wakipora dawa na kuteka watu. Ijumaa Kuu ya 1989 walitaka kuwachukua Masista. Daktari Matthew Lukwiya akajitoa achukuliwe yeye. Akatembezwa porini kama wiki nzima, kisha akarudi kwa wagonjwa wake. Usiku, akina mama na watoto kwa maelfu walilala ndani ya ua wa hospitali. Daktari huyo alikufa Desemba 2000 kwa Ebola, aliyoipata akiwauguza wengine.

Basi tujifunze: ulinzi wa hospitali huandaliwa wakati wa amani. Katika nchi kavu kama yetu, jambo la kwanza ni maji: matanki ya mvua yajae kabla ya kiangazi. Dawa za akiba zisikae ghala moja. Taa ya chumba cha upasuaji isitegemee waya mmoja. Kila mfanyakazi ajue nani atawabeba watoto wachanga, na kwa mlango upi. Vijana wa kijiji wazoee kutoa damu.

Matayarisho hayo hayapotei bure hata vita visipokuja. Siku ya moto au ya kipindupindu, ni hayo hayo yatakayotuokoa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.