Kipimo cha rangi kwenye simu kisimkatie mtoto tamaa

Tabora ni mji wa reli. Reli ya Kati ilifika hapo mwaka 1912, ikipita karibu na njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na chuo cha reli kipo mjini hapo. Si ajabu mtoto wa Tabora kusema akikua ataendesha treni. Lakini dereva wa treni lazima atofautishe taa nyekundu na ya kijani, na wapo watoto ambao macho yao hayawezi.

Dalili huanzia nyumbani. Mtoto anapaka majani rangi ya kahawia, au hajui embe lipi limeiva mpaka alibonyeze. Mzazi akishtuka, hukimbilia simu na kutafuta kipimo chenye duara la vidoti na namba iliyojificha ndani. Mtoto akishindwa kuisoma, hofu inaingia.

Mzazi asiwe na haraka. Kadi za vidoti zilibuniwa na daktari Mjapani, Shinobu Ishihara, mwaka 1917. Zilichapwa kwa rangi zilizochaguliwa kwa makini, zisomwe kwenye mwanga kama wa mchana. Kioo cha simu huunda rangi kwa kuchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu, na simu hazichanganyi sawasawa. Mwanga ukipunguzwa kuokoa chaji, au simu ikiwekwa kwenye hali ya usiku inayotia umanjano, vidoti hubadilika. Mtoto mzima anaweza kufeli, na mwenye tatizo akafaulu.

Kompyuta inaweza kupima vizuri, ila kioo chake kiwe kimerekebishwa kwa kifaa maalumu na msimamizi awe mtaalamu. Uingereza hupima marubani kwa kipimo cha namna hiyo. Kwa hiyo jibu la simu lichukuliwe kama sababu ya kwenda kliniki ya macho, basi.

Mara nyingi hali hii ni ya kurithi. Mama anayeona rangi zote vizuri anaweza kumrithisha mwanawe wa kiume bila kujua, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Haiongezeki kadiri mtoto anavyokua, wala haina dawa. Lakini mtoto aliyekuwa akiona rangi vizuri kisha akaanza kuzichanganya apelekwe hospitali mapema, kwani huenda ni ugonjwa.

Akithibitishwa, mwalimu aambiwe. Mtoto anayeshindwa kuona chaki nyekundu ubaoni si mzembe. Kalamu zake za rangi ziandikwe majina, na asichekwe na ndugu zake.

Kazi chache zitamkataa, nyingi zitampokea. Ni heri alijue hilo akiwa darasa la tatu, akiwa na wazazi wake, kuliko kuambiwa na daktari siku ya kupimwa afya ya kujiunga na chuo.