Kilima cha Salaita Mezani

Je, msomaji, umewahi kuona vita vikipiganwa juu ya meza? Mchezo huu wa kupanga askari wadogo kama kidole na kuwapiganisha kwa dadu na kanuni una umri mkubwa. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells aliutungia kitabu, Little Wars, mwaka wa 1913. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikabisha hodi kwetu. Wajerumani wakaiteka Taveta.

Mimi hapa Tena huwaachia wenzangu askari. Kazi yangu ni kuwajengea nchi ya kupigania. Nakata katoni za dukani vipande vinavyopungua ukubwa, navipandanisha kwa gundi hadi kilima kisimame. Halafu nakikandika magazeti yaliyolowekwa na kupondwa, nanyunyiza mchanga, kisha napaka rangi nyekundu ya udongo wa Taita. Vumbi la mbao kutoka kwa seremala likitiwa rangi huwa kichaka. Nyuzi za katani zilizokatwakatwa huwa nyasi. Sharti kipimo kishikwe: kila kitu kikipunguzwa mara 72, mtu wa futi sita huwa sentimita mbili na nusu, na mgunga wa mita saba hauzidi sentimita kumi.

Kilichonifunza mengi ni kilima cha Salaita, karibu na Taveta. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Uingereza, wengi wao wageni kutoka Afrika Kusini, lilikishambulia. Mizinga ikapiga kileleni, kumbe mahandaki ya Wajerumani na askari wao Waafrika yalikuwa chini, pale kilima kinapoanzia, yamefichwa na vichaka. Washambulizi wakarudishwa nyuma. Kitabuni habari hiyo husomwa upesi ikapita. Lakini nilipoinama hadi usawa wa meza, nyuma ya askari wa plastiki, vichaka vyangu vilificha handaki zima. Nilichoona ni kilele tu. Waama, ardhi nayo hupigana.

Meza nyingi hukosa kitu kimoja: wapagazi. Askari wanaouzwa madukani hushika bunduki. Lakini ni Carrier Corps, iliyouachia mtaa wa Kariokor jina lake, iliyobeba chakula na risasi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi. Sanamu ya mmoja wao imesimama katika Kenyatta Avenue tangu 1928.

Kwa hiyo nyuma ya Salaita yangu nimepitisha njia nyembamba, nikaweka wapagazi niliowaunda kwa waya na udongo. Mwenzangu mmoja alilalamika kwamba hawapigi risasi, basi hawana kazi mchezoni. Tukapatana kanuni: mizigo isipofika, bunduki zinanyamaza. Mchezo wa kwanza alipoteza vita kwa sababu hiyo, na tangu siku hiyo huwalinda wapagazi kabla ya mizinga.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Vijana mnaopenda mchezo huu, msizisahau nyasi.